Waliochanjwa walikufa, wasiochanjwa wakapona: kisa cha sotoka katika zizi moja

Kisa hiki kilitokea katika kata moja ya nyanda kame, katikati mwa Tanzania. Jina la kijiji, mwaka na majina ya wahusika nimeyaacha. Mwenye mifugo aliridhia kisimuliwe kwa sharti kwamba majirani wasimtambue, kwa hiyo nitamwita Mzee tu. Mimi ndiye bwana mifugo niliyeitwa, na baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

Zizi lenyewe

Mzee alikuwa na mbuzi 68 na kondoo 15, wote wa asili, wakilala zizi moja la miiba. Asubuhi walitoka malishoni, mchana walinywa kwenye lambo la kijiji pamoja na mifugo ya kaya nyingine. Miezi 7 kabla ya kisa, kampeni ya chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi unaoua, ilipita kijijini. Mzee hakuficha hata mmoja. Alileta wote, hadi vitoto vya wiki tatu vilivyobebwa mikononi, na kila mmoja alichomwa sindano.

Jambo moja lililitofautisha zizi hili na mengine ninayoyajua: mkwewe Mzee alikuwa na daftari la shule alimoandika kila mbuzi aliyezaa, tarehe, rangi ya kitoto, na kama kilinyonya vizuri. Alilianzisha kwa sababu watoto wa kaya walikuwa wakigombania vitoto, kila mmoja akidai "huyu ni wangu". Bila daftari hilo nisingekuwa na kisa cha kuandika, ningekuwa na orodha ya mizoga tu.

Kabla sijaitwa

Mzee alinunua majike watano mnadani. Nitahesabu siku kuanzia hapo. Jioni ya siku ya 1 aliwaingiza zizini pamoja na wenzao, kwa kuwa zizi ni hilo hilo moja.

Siku ya 4 mmoja wa wageni alianza kutoa makamasi mepesi na macho yake yakalowa. Siku ya 5 walikuwa watatu, na mmoja aliyekuwa na mimba akaitupa. Mzee alikwenda duka la pembejeo akanunua chupa ya antibayotiki, oksitetrasaiklini ya 20%, akawadunga wote watano mililita mbili mbili. Kesho yake wawili walisimama wakala majani. Mzee akapumua, akaiweka chupa darini.

Siku ya 9 mbuzi wa nyumbani wakaanza. Hawakuwa wazee wala vitoto vya kunyonya, bali wale wa katikati, mbarika na ndenge waliokuwa wameanza kunenepa. Siku ya 11 nikapigiwa simu.

Uamuzi wangu wa kwanza

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, daktari. Pita huku. Hawa wanakohoa kama wavuta kiko."

Walikuwa wanakohoa kweli. Joto la mmoja lilikuwa nyuzi 41.2, la mwingine 40.9. Nilisikia kikohozi, nikaona mbuzi wamesimama shingo mbele na viwiko vimetanuliwa ili kuvuta pumzi, na kichwani nikaandika homa ya mapafu ya mbuzi, ule ugonjwa wa bakteria aitwaye mikoplasma. Mwaka uliotangulia niliushughulikia kata ya jirani, na mtu huona alichozoea kukiona. Niliwadunga wagonjwa tailosini, antibayotiki nyingine. Kisha nikachukua damu kwa ajili ya maabara, nikachagua majike sita wakubwa kwa sababu moja tu: wanashikika na mshipa wao wa shingo unaonekana.

Hayo ni makosa mawili kwa asubuhi moja. Sikumfungua mgonjwa hata mmoja mdomo. Na nilichukua damu kwa mbuzi wasiougua.

Ndoo ya maji

Siku ya 13 nilirudi, nikakuta ndenge mmoja amekufa alfajiri. Tulimpeleka mbali na zizi, juu ya shimo lililokwisha chimbwa, nikampasua.

Mdomoni, kwenye ufizi wa chini na ndani ya mashavu, kulikuwa na tabaka jeupe kama pumba za mahindi yaliyolowa. Nililikwangua kwa ukucha wa glavu, likabanduka na kuacha kidonda chekundu. Mkiani kulikuwa na kinyesi cha maji kilichokauka. Ndani ya utumbo mpana, karibu na njia ya haja, mikunjo ilikuwa na michirizi myekundu iliyopangana kama ya pundamilia.

Mapafu ndiyo yaliyomsogeza Mzee karibu. Sehemu za mbele na chini zilikuwa na rangi ya maini na ugumu wa maini. Nilikata kipande cha huko na kipande cha nyuma palipokuwa bado pinki, nikavitumbukiza katika ndoo ya maji. Cha nyuma kilielea. Cha mbele kilizama kama jiwe.

"Hilo si pafu tena," Mzee akasema.

Homa ya mapafu ya mbuzi haichubui midomo wala haileti kuhara, hubaki kifuani. Hapa palikuwa na mambo mawili juu ya mnyama mmoja. Vidonda vya mdomo na michirizi ya utumbo vilikuwa kazi ya virusi vya sotoka. Pafu lililozama lilikuwa na alama za bakteria. Siku hiyo hiyo nilichukua sampuli mpya, safari hii kwa vijana wanne walioanza homa ndani ya siku mbili: pamba za machoni na puani, na damu katika vichupa vyenye kizuia kuganda, vikaondoka ndani ya boksi la barafu. Siku ya 17 maabara ilithibitisha virusi vya sotoka ya mbuzi na kondoo.

Majibu ya damu ya majike sita nayo yalikuja: wote walikuwa na kingamwili za sotoka, yaani protini za damu zinazopambana na ugonjwa huo. Majibu hayo hayakuwa na maana yoyote. Walikuwa wamechanjwa, na kipimo hicho hakitofautishi kingamwili za chanjo na za ugonjwa. Laiti ningeyapata peke yake, ningeweza kuyasoma vyovyote nilivyotaka.

Tulivyozuia

Bila kungoja majibu, siku ya 13 nilimpigia daktari wa mifugo wa wilaya, na mtendaji wa kijiji akatangaza kwamba mbuzi na kondoo wasitoke wala kuingia kijijini. Zizi la Mzee liligawanywa kwa miiba sehemu mbili, na mifugo yake ikawa inaletewa maji badala ya kwenda lambo.

Wagonjwa hatukuwachanja. Chanjo humfundisha mwili ulio na nafasi ya kujifunza, na mbuzi aliyekwisha shikwa na virusi vyenyewe hana nafasi hiyo. Antibayotiki tulimpa yule tu aliyeanza homa na kikohozi, kwa siku kamili na kwa uzito wake, si kundi zima. Midomo ilioshwa kwa maji ya chumvi. Waliohara walinyweshwa maji yenye chumvi na sukari, na walioshindwa kutafuna walipewa uji mwepesi wa pumba. Kazi hiyo ilifanywa karibu yote na mkwewe Mzee. Sotoka hii haimwambukizi binadamu, lakini niliwakataza kuchinja aliyedungwa hadi siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

Siku ya 18, kwa idhini ya wilaya, tulichanja makundi ya jirani yasiyo na dalili. Tuliyeyusha chupa moja kwa wakati na kuimaliza ndani ya nusu saa, kwa sababu chanjo hii ni virusi hai na ikishayeyushwa jua huiua haraka. Kila mbuzi alichomwa kwa sindano yake.

Hesabu ya mwisho

Kifo cha mwisho kilikuwa siku ya 34. Kati ya mbuzi 73, pamoja na wageni watano, walikufa 18. Kondoo wawili walitoa makamasi wakapona. Kwa jumla hiyo pekee ningeweza kuandika taarifa ya mistari mitatu nikaendelea na kazi. Mkwewe Mzee ndiye aliyekaa na daftari akaniuliza, "Daktari, mbona wanaokufa ni wa umri mmoja?"

Tukaanza kuhesabu.

Wakubwa wa zaidi ya mwaka walikuwa 34. Waliugua 5 na kufa 1, jike kongwe aliyekuwa amekonda tangu kiangazi.

Wa karibu miezi 8 hadi 9 na nusu walikuwa 14. Waliugua 12, wakafa 7. Hawa wote walichanjwa katika kampeni.

Wa miezi 4 hadi 7, waliozaliwa baada ya kampeni na hawakuwahi kuchanjwa, walikuwa 9. Waliugua wote, wakafa 6.

Vitoto vya chini ya miezi 3 vilikuwa 11, navyo havikuwahi kuchanjwa. Viliugua 2, kikafa 1.

Wageni watano: waliugua 4, wakafa 3.

Mzee aliangalia mistari miwili, ule wa 14 na ule wa 11, akauliza swali ambalo kila mfugaji angeuliza: inakuwaje waliochanjwa wafe na wasiochanjwa wapone?

Uchambuzi: dang'a ilivyolinda, na ilivyozuia

Binadamu humpa mtoto kingamwili angali tumboni, kupitia kondo la nyuma. Mbuzi, kondoo na ng'ombe hawawezi. Kondo lao lina matabaka yanayozifungia njia. Mwanambuzi huzaliwa mikono mitupu. Kinga yake ya kwanza yote imo ndani ya dang'a, maziwa ya mwanzo ya mama aliyezaa, na utumbo wake huweza kuzipokea kingamwili nzima nzima kwa takribani saa 24 tu, huku saa 6 za mwanzo zikiwa ndizo zenye faida kubwa. Baada ya hapo mlango hufungwa. Dang'a ya siku ya tatu ni chakula tu.

Mama waliochanjwa walikuwa na kingamwili za sotoka, wakazimimina kwenye dang'a. Ndiyo maana vitoto 9 kati ya 11 vilipita katikati ya moto bila kuungua, japo vililala zizi lile lile. Yule mmoja aliyekufa tulimtafuta daftarini. Pembeni ya tarehe yake palikuwa pameandikwa: "mama kafa kuzaa, maziwa ya ng'ombe chupani."

Lakini kingamwili hizo ni za kuazima. Mwili wa kitoto hauzitengenezi, huzitumia tu, nazo hupungua wiki hadi wiki hadi kuisha nguvu kwenye miezi 3 hadi 4 hivi. Wale 9 wa miezi 4 hadi 7 walikuwa wamemaliza za mama na hawajapata zao.

Sasa wale 14. Siku ya kampeni walikuwa na umri wa kati ya wiki 3 na miezi 2 na nusu, damu yao ingali imejaa kingamwili za mama. Chanjo ya sotoka ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na ili ifundishe ni lazima izaliane kidogo mwilini. Ilipoingia tu, kingamwili za mama ziliikamata kama zinavyokamata ugonjwa wenyewe. Hazijui kwamba huyu ni mwalimu. Kitoto kikachomwa, kikalia, kikaandikwa kimechanjwa, na mwili wake haukujifunza lolote. Miezi miwili baadaye dang'a ikaisha.

Je, haiwezekani kwamba chanjo yenyewe iliharibikia njiani kwa joto? Nililifikiria hilo. Kulikuwa na majike 6 ambao, kwa daftari, walinunuliwa muda mfupi kabla ya kampeni na kuchomwa kwa chupa za siku ile ile, na hakuna aliyeugua. Ushahidi huu una tundu, kwani huenda walikwisha pata kinga walikotoka. Hata hivyo ukiuunganisha na umri wa waliokufa, naegemea upande wa dang'a kuliko upande wa boksi la barafu.

Uchambuzi: sindano iliyodanganya

Mzee hakuwa mjinga kuamini oksitetrasaiklini. Aliona kwa macho yake wawili wakisimama.

Virusi vya sotoka ni ndugu wa virusi vya surua na wa ile sotoka ya ng'ombe iliyotangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani. Ukoo huu una tabia moja mbaya: shabaha yake ya kwanza ni askari wenyewe. Virusi hushika chembe nyeupe za damu, huzaliana ndani ya mitoki, na ndipo huenea kwenye utando wa mdomo, utumbo na njia ya hewa. Homa inapopanda, mwili umekwisha piga kengele, chembe zilizoambukizwa zimetoa kemikali za kuzionya jirani zake, lakini walioitwa kupigana wanazidi kupungua.

Puani na kooni mwa mbuzi mzima huishi bakteria kama Mannheimia haemolytica na Pasteurella multocida bila kumdhuru. Utando ukichubuka na askari wakipungua, hushuka mapafuni. Mwili hujaribu kuwapelekea chembe nyeupe zilizobaki, na hapo Mannheimia hutoa sumu inayozipasua. Zikipasuka humwaga silaha zao ndani ya pafu lenyewe. Ugumu ule wa maini tuliouona kwenye ndoo kwa sehemu kubwa ni mabaki ya vita vya mwili ndani ya nyumba yake.

Antibayotiki huua bakteria hao. Kwa virusi haina la kufanya, kwa kuwa vimejificha ndani ya chembe za mnyama na havina mitambo ambayo dawa hiyo huivunja. Kwa hiyo wale wawili walipata nafuu ya ugonjwa wa pili, huku wa kwanza ukiendelea kusambaa zizini kwa makamasi na chafya. Nafuu hiyo ilituchelewesha siku sita. Na tailosini yangu ilikuwa kosa la aina ile ile, tofauti ni kwamba mimi nilisomea.

Hata hivyo matumizi yake ya baadaye siyajutii. Kati ya vijana waliodungwa siku ya kwanza ya homa walipona wengi kuliko waliodungwa wakiwa wameanza kuhema. Hesabu ni ndogo mno kuitegemea, lakini inakubaliana na tunachokijua: ukimwondolea mnyama bakteria, unampa muda wa kutengeneza kingamwili na chembe za kuua zilizoambukizwa. Aliyepona hubaki na kinga ya miaka mingi.

Mzee aliniuliza kama dawa ile ingeharibu chanjo. Ya sotoka, hapana, ni virusi. Ya kimeta ndiyo, kwani ile ni bakteria hai, na mbuzi akidungwa antibayotiki siku za kuchanjwa, dawa huiua chanjo kabla haijafundisha.

Uchambuzi: mbuzi wa jirani

Hapa ndipo tuliposhindwa vibaya zaidi, na si kwa upande wa dawa.

Siku ya 22, siku nne baada ya kuchanja, mbuzi wawili wa jirani walianza homa, wakafa wiki hiyo. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba chanjo ya bwana mifugo inaua. Maelezo yapo. Sotoka hukaa mwilini siku 4 hadi 6 kwa kawaida kabla ya kuonekana, na chanjo huhitaji karibu wiki mbili kujenga kinga ya kutosha. Mbuzi hao walikunywa lambo moja na wa Mzee hadi siku ya 13. Karantini ya lambo nayo haikuheshimiwa na kila mtu, na mimi niliwaona wavulana wakivusha mbuzi usiku nikanyamaza. Walichanjwa wakiwa tayari wamebeba virusi.

Niliyasema hayo baada ya vifo. Yanapaswa kusemwa kabla ya sindano ya kwanza, tena mbele ya watu: "Kati ya hawa, wengine wameshaambukizwa na wataugua wiki hii." Anayeambiwa kabla atakuona unajua. Anayeambiwa baada atakuona unajitetea.

Yaliyobadilika

Mzee sasa ana kizizi cha pembeni. Mbuzi wa mnadani hulala humo wiki tatu. Vitoto vya yatima hupewa dang'a ya jike mwingine aliyezaa siku hiyo, au iliyogandishwa kwenye friji ya duka la soda, na mwenye duka hulalamika kila mara kuhusu chupa hizo.

Kampeni iliyofuata tulichanja kuanzia miezi 4. Waliokuwa wadogo tuliwafunga uzi mwekundu shingoni, tukarudi baada ya miezi mitatu. Mkwewe Mzee alikuja na daftari na orodha ya nyuzi 13. Jirani hakuleta mbuzi hata mmoja, ila alimtuma mwanawe asimame pembeni ahesabu ni wangapi wa Mzee watakufa.